Dagaa wa Siku za Giza

Jumamosi, 23 Agosti

Giza zuri, usiku hakuna mwezi. Mitumbwi imerudi alfajiri imejaa. Tumejaza chanja zote nne, na bado zimebaki beseni mbili. Mikono inanuka dagaa hata baada ya kuisugua na limau. Sijali, nimezoea.

Mchana mama amejilaza barazani. Nimefungua tena ule ukurasa wetu wa mtandaoni. Picha tisa. Wafuasi arobaini na mmoja, nusu yao binamu zangu. Kwenye bio, yale maneno ya utambulisho pale juu, niliandika mwaka jana: "Dagaa bora. Karibuni sana. Tupo palepale."

Palepale wapi? Nimecheka peke yangu. Ujiji wanajua palepale ni wapi. Ukishuka kutoka msikitini, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Lakini mtu wa Dodoma aliyeshika simu hajui hata kama palepale kuna maji.

Dada Asha amepiga tena kutoka Mwanza. Anataka nikamsaidie kwenye duka lake la vyombo. Miaka thelathini na miwili, anasema, na bado ninanuka mwalo wa samaki. Nimemwomba anipe mwezi mmoja. Giza lijalo likifika na ukurasa haujaniletea mteja wa kudumu kutoka nje ya Kigoma, nitafungasha. Amekubali upesi mno.

Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Sitaki kwenda Mwanza.

Jumapili, 24 Agosti

Nimelipata daftari la ile semina ya wajasiriamali, mjini. Lilikuwa chini ya gunia la chumvi. Mwalimu alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alisema bio ni kizingiti. Mtu anasimama hapo pumzi mbili tu, halafu ama anaingia ama anapita zake. Useme unauza nini. Unamuuzia nani. Uko wapi. Akupate vipi. Na useme jambo moja ambalo jirani yako hawezi kulisema. Herufi mia moja na hamsini, nafasi na nukta zote zikiwemo.

Jambo moja ambalo jirani hawezi kulisema. Nimekaa nalo kutwa nikigeuza dagaa.

Mchanga, labda. Wengi huku chini wanaanika mchangani. Sisi tuna chanja, nyavu zimetandazwa juu ya miti, dagaa hawagusi ardhi.

Halafu kuna kitambaa. Mama hafungi gunia kwa kamba. Anachana kitenge chake kilichochakaa, anakata kwa meno, anafunga mdomo wa gunia kwa fundo lake lile la kupindua mara mbili. Bibi alifanya vilevile kwa kaniki. Kwenye lori la magunia mia yanayofanana, yetu yanajulikana. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna kitenge kinachoishia kuwa tambara la kupigia deki.

Lakini mtu wa mbali ataelewa nini kuhusu kitambaa? Nimekiacha.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeota naanika herufi. Chanja zote zimejaa herufi, zinang'aa, bado zina maji. Nazigeuza upande wa pili zisishikane. Mama anapita na beseni, anaokota zilizokauka. Ziwa limetulia. Nimeamka nikiwa na furaha isiyo na sababu.

Kabla ya chai nimeandika: "Dagaa wa Ujiji, Kigoma. Wamekaushwa juani, hawana mchanga. Wapya kila siku. Kwa mama ntilie, hoteli na nyumbani. Tunatuma mikoa yote."

Nimemsomea mama. Alikuwa anachambua.

"Kila siku?" ameuliza.

Nimemwambia ndiyo lugha ya biashara. Ameendelea kuchambua.

Kila siku si kweli, najua. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa za mitumbwi, wanatawanyika ziwa zima. Wavuvi wanakaa nchi kavu. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua hilo. Lakini maneno yale yanapendeza, na kurasa zote nilizozipitia zimeandika hivyohivyo.

Jumatano, 27 Agosti

Wafuasi arobaini na wanne. Mmoja ameuliza kama nimeolewa.

Jumamosi, 30 Agosti

Ameandika mtu! Mama Neema, wa Dodoma. Anapika kwenye harusi, na ana mgahawa karibu na ofisi za watu. Ameuliza kama ni kweli hawana mchanga, maana ameshadanganywa sana. Nimempigia video palepale chanjani, nikipitisha vidole katikati ya dagaa, nao wakilia kwa ukavu. Ameagiza kilo tano za kujaribu.

Mama amefunga kitambaa chake cha kijani. Nimeupeleka mzigo stendi mwenyewe, nimeukumbatia kana kwamba nasafirisha mtoto.

Jumanne, 2 Septemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Neema. Nimeusikiliza mara sita. "Zaituni mdogo wangu, nimewapika hawa dagaa nimewaosha maji mamoja tu. Maji mamoja! Wateja wamelamba sahani."

Anataka kilo arobaini za harusi ya tarehe kumi na tatu. Mzigo uondoke Kigoma Jumatatu ijayo. Harusi ikienda vizuri, atachukua kwangu moja kwa moja, hana haja ya kutafuta mwingine. Halafu akamalizia: "Umeandika wapya kila siku, kwa hiyo sina wasiwasi."

Nimejibu: sawa kabisa dada, usijali.

Mteja wa kudumu. Kutoka nje ya Kigoma. Nimetembea ufukweni viatu mkononi, nikijiona sina uzito. Nimeshapanga hadi maneno nitakayomwambia Asha.

Halafu nikageuka kurudi nyumbani. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, na juu ya vilima mwezi umeshatoka. Mnene. Nimesimama nao hapo muda mrefu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mitumbwi mitatu, beseni moja na nusu. Kaka Hamisi, anayetuletea dagaa miaka yote, alikuwa anakunja nyavu alipoona uso wangu, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Zaituni. Ndo hivyo tena. Kesho tunavuta mitumbwi juu. Mwezi umewaka."

Nimemuuliza kama hawezi kutoka hata mara moja tu. Amenitazama kama mtu aliyeombwa kuvua barabarani.

Ninazo kilo kumi na mbili. Zinatakiwa arobaini.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefanya jambo.

Nimepanda hadi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye stoo, nikachukua kilo ishirini na nane. Dagaa wa kijiji cha Kagunga, wamekaa stoo miezi miwili. Si wabaya. Ila wameanikwa mchangani, na rangi yao imeanza kuwa ya njano. Nimewachekecha mara mbili. Nimewaanika juani saa mbili ili wanuke jua. Kisha nimewachanganya na wetu na kuwakoroga kwa mikono yote miwili mpaka nisijue yupi ni yupi.

Mama nimemwambia wametoka kwa binamu zake Hamisi. Nimemdanganya kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Dar, miaka miwili sasa. Ilitoka kirahisi. Hicho ndicho kinachoniogopesha.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi mama alifunga vitambaa kwenye magunia yote mawili bila kuuliza. Nikapumua.

Baada ya alasiri nimemkuta ameketi kando ya magunia kwenye kigoda. Amefungua moja. Ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa dagaa mmoja, akamng'ata kichwa. Akatafuna polepole, macho kwenye ziwa. Nilikuwa mlangoni na sikuweza kusogea.

Akafungua na la pili. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo, fundo lile lilimtaabisha, lakini hakuniita. Akavikunja vile vitambaa viwili, akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Watume ukitaka, mwanangu. Ila kitambaa changu kibaki."

Akaenda kutia udhu.

Natamani angenichapa. Natamani angepiga kelele majirani wajae. Nimefunga magunia kwa kamba ya katani. Sasa yanaonekana ni ya mtu yeyote.

Jumatatu, 8 Septemba

Basi limeondoka bila mzigo wangu.

Jana baada ya isha mwezi ulipatwa. Ulikuwa mzima, mkubwa, ziwa lote jeupe, halafu ukaanza kuliwa upande mmoja. Msikitini wakaita watu kwenye sala. Sisi wengine tukashuka ufukweni. Ukawa mwekundu, kisha ukafifia, na nyota zikatokea kwa wingi ambao sijawahi kuuona siku za mwezi. Ziwa likawa jeusi kabisa. Watu walinong'ona kama wako chumbani kwa mgonjwa.

Nami nilifanya nini? Niliangalia mitumbwi. Niliwaza, giza limekuja, washushe mitumbwi, watoke sasa hivi. Nilimwambia Kaka Hamisi hivyohivyo, kwa sauti.

Alicheka. "Dada, dagaa hawadanganyiki kwa saa moja."

Tukakaa gizani. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, bega lake likigusa langu. Halafu upande mmoja ukaanza kung'aa tena, taratibu, na vitu vikarudi kimoja kimoja: mitumbwi, nyavu, chanja zetu tupu, na barazani magunia yangu mawili yenye kamba ya katani. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka.

Leo asubuhi nimemwandikia Mama Neema. Dada, bio yangu imekudanganya. Hatuna dagaa wapya kila siku. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna anayevua. Nilitaka kukutumia wa stoo niseme ni wapya, nimeshindwa. Giza litarudi baada ya wiki mbili. Nisamehe kwa harusi.

Ameusoma. Nimeona kwamba ameusoma.

Jumatano, 10 Septemba

Amejibu. "Asante kwa kusema. Nitapika samaki wengine."

Basi.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama amemwaga magunia yote mawili kwenye mkeka, ukumbini. Amekaa upande mmoja, akanionyesha upande wa pili. Tunachambua. Wa rangi ya fedha huku, wa njano kule. Dagaa mmoja mmoja. Nilidhani ni adhabu. Kumbe hakuwa na hasira hata kidogo, anafanya kwa sababu kilo zake kumi na mbili ziko humo ndani, na anazitaka.

Macho yangu hayaoni tofauti. Yeye haangalii, anashika tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Bado tunachambua. Kitu cha ajabu kimenipata leo. Jua la mlangoni, ule mlio mdogo wa dagaa wakidondoka kwenye beseni, mama akizungumza bila haraka, nikahisi kama nimekaa ndani ya siku isiyo na mwisho, na sitaki iishe.

Amesema siku za mwezi mkubwa ndizo wasichana walizokuwa wakiolewa. Wanaume wapo, wamelala, wameshiba, nyavu zinashonwa. Nyumba zinakandikwa. Nywele zinasukwa. Yeye na baba yangu, Mungu amrehemu, walioana mwezi ukiwa mpevu, na watu walicheza ufukweni bila taa. Mimi mwenyewe nimezaliwa siku za mwezi. "Ungezaliwa gizani, baba yako asingekuwepo," amesema, akacheka.

Nikafikiria yale maneno yangu mawili. Kila siku. Nilikuwa nimefuta nusu ya maisha yetu ili mtu wa Dodoma asipite zake.

Jumapili, 14 Septemba

Tumemaliza. Dagaa wa njano nimewarudisha stoo. Nimemwambia mwenye stoo ukweli, akanitania kwamba nimewasafisha bure.

Harusi ya Dodoma ilikuwa jana. Nimeiwaza siku nzima, harusi ya watu nisiowajua, sahani zao zilikuwa na nini.

Nimefuta bio yote. Ukurasa ulibaki mtupu kama saa moja, na nilipenda kuutazama ukiwa hivyo. Kisha nimeandika:

"Dagaa wa Ujiji, Kigoma. Wanakauka chanjani, hawagusi mchanga. Tunauza siku za giza. Mwezi ukijaa tunapumzika. Fundo la kitambaa ni la mama."

Namba ya simu ina kitufe chake, haili nafasi. Mikoa yote sikutaja, mtu akitaka atauliza. Nimehesabu. Herufi mia moja thelathini na tisa. Zimebaki kumi na moja, nimemwambia mama.

Nilipomsomea, aliniambia nirudie ya mwisho. Nikarudia. Akavuta mtandio wake mbele kidogo, akasema maharage yanaungua. Hatukuwa na maharage jikoni.

Jumatano, 17 Septemba

Watu wanauliza siku za giza ni nini. Ninawajibu mmoja mmoja. Wapo wanaodhani ni mambo ya kishirikina. Mwanamke wa Tabora ameandika kwamba marehemu mama yake alikuwa akinunua "wale wa kitambaa" na hakuwahi kujua wanatoka wapi. Ameagiza kilo mbili, za kukumbukia. Nimefurahi sana. Lakini kilo mbili za kukumbukia si mteja wa kudumu, na Asha si mtu wa kukubali hesabu za namna hiyo.

Mama Neema, kimya.

Ijumaa, 19 Septemba

Asha ametuma nauli. Basi la Jumanne. Nimefungasha. Nguo zangu zote zimeingia kwenye begi moja, na begi halijajaa. Juu kabisa nimeweka kitenge changu cha ndege wa bluu, kile nilichokivaa siku niliyorudi kutoka Dar. Kimepauka sasa.

Mama amepita mlangoni, ameliona begi. Ameniuliza kama chumvi ipo ya kutosha.

Kaka Hamisi na wenzake wameshusha mitumbwi majini tangu juzi. Taa zao nimeziona jioni, mbali, zimejipanga mstari mmoja. Kutoka barazani huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilitaka kuipiga picha niiweke kwenye ukurasa, nikaacha. Hii nimejiwekea mwenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi nilipowasha simu nilikuta ujumbe wa jana jioni kutoka kwa Mama Neema.

"Zaituni, nimetoka nje kuutafuta mwezi, sijauona. Giza limefika huko?"

Nimekaa chini. Chini kabisa, kwenye vichwa vya dagaa na magamba.

Nimemjibu limefika dada, mitumbwi imerudi imejaa. Akapiga, hakuandika. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko kwenye ule ujumbe wa sauti. Alisema alikasirika siku tatu. Alisema amenunua dagaa kwa watu miaka tisa, na mimi ni wa kwanza kumwambia kwamba sina. Nimtumie kilo arobaini. Na nimpe tarehe za giza zote hadi mwisho wa mwaka, ataziandika ukutani jikoni, apange kazi zake humo.

"Mwezi ukijaa na mimi nitapika maharage," alisema. "Nimechoka kuchagua mchanga."

Nimekimbia hadi chanjani. Sikujua nimwambie mama vipi, nikamshika mikono yote miwili, ikiwa bado na maji ya chumvi. Akasema, "Unaniumiza vidole." Lakini hakuitoa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimempigia Asha. Nimemwambia siji. "Haya," amesema. Nauli nimemrudishia.

Jua kali, upepo kidogo kutoka ziwani. Dagaa wamekauka kabla ya adhuhuri. Tumejaza magunia mawili, kilo ishirini kila moja. Mama ametafuta kitenge chake cha kijani, kimekwisha, kimebaki ukingo tu. Vile vitambaa viwili alivyovifungua siku ile vimekwenda Tabora na kwenye gunia tulilomuuzia jirani. Ameingia ndani. Nikasikia zipu ya begi.

Ametoka na kitenge changu cha ndege wa bluu. Hakuomba. Ameshika upindo kwa meno, akachana vipande viwili virefu, kimoja akanipa. Gunia la kwanza akafunga yeye. La pili akanisogezea kwa mguu.

Fundo langu limekaa upande. Amelitazama, hakulirekebisha.

Nimemwambia bio inasema fundo ni la mama.

"Si ulisema zimebaki herufi kumi na moja?"

Nimeongeza: na mimi. Zimebaki tatu.

Mzigo umeondoka na basi. Tumekunywa chai.